Safu ya Lugha kwenye Mashini ya Labo

Mashini ya labo ya Mama ilifika ikisema Kichina. Siilaumu, ndivyo ilivyozaliwa. Ilikuwa programu ya kompyuta ya kufuata sampuli: mfuko wa mawe unaingia, unapewa namba, mawe yanasagwa, yanakaushwa kwenye tanuri, yanachemshwa kwenye asidi, kisha programu inatoa jibu kwamba humu kuna shaba kiasi hiki na kobalti kiasi hiki. Kila hatua mtu abonyeze kitu kwenye skrini, na kila kitu kwenye skrini kilikuwa kimeandikwa kama nyumba ndogondogo zilizopigwa na radi.

Labo yenyewe iko upande wa Musonoi, hapa Kolwezi, Kongo, karibu na mashimo ya machimbo, na Mama alikuwa ameifanyia kazi tangu mi bado nanyonya. Siku moja onyo jekundu lilitokea kwenye skrini. Kijana wa asidi akaliangalia, akafikiri Wachina wanamtakia heri ya mwaka mpya, akabonyeza pale alipozoea kubonyeza. Chombo kikalipuka. Asidi ilimla mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Mama alimshikilia chini ya bomba, na ngozi ya yule kijana ilibaki kwenye glovu zake. Jioni Mama alikaa mbele ya sahani ya bukari, ugali wetu, akaiangalia mpaka ikapoa.

Kesho yake mkuu wa labo, mtu mwoga anayefunga shati mpaka kifungo cha shingoni, aliwaambia wafanyakazi: "Minataka hii kitu iseme luga ya batu."

Mama akajibu: "Mutoto wangu mwanamuke anajua kompyuta."

Huyo mutoto ni mi. Nilikuwa darasa la tano la sekondari, nasoma kompyuta, na walimu wangu wote walikubaliana juu ya jambo moja tu: sijui kunyamaza.

Kazi haikuwa ngumu, ilikuwa ndefu. Programu ina ukurasa wa lugha. Unatoa jedwali, kushoto kuna maneno yake kwa Kifaransa, ambacho hakuna aliyekuwa amekiwasha, kulia pako wazi, unajaza neno kwa neno, unalirudisha, na lugha mpya inazaliwa. Nilitumia likizo nzima. Mkuu wa labo hakusoma nilichoandika, alisaini tu. Kwa hiyo mtu akikosea neno la siri mara tatu, skrini ilimwuliza: "Weye mwizi?" Tanuri likizidi moto, iliandika kwa herufi kubwa: "KIMBIA, HAWATAKULIPIA MATANGA." Ukihifadhi kazi yako vizuri, ilisema: "Iko bien, endelea." Wafanyakazi walicheka wiki nzima, na hakuna aliyeungua tena. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisahau.

Kisha nikagundua kwamba kila mtu anaweza kuwa na lugha yake. Kwenye ukurasa wa wafanyakazi kuna safu tatu: jina, kazi, lugha. Mmoja anaona Kifaransa, jirani yake Kiswahili, Mchina wa matengenezo Kichina chake, wote kwenye mashini ileile. Na programu haikukataza kuongeza lugha nyingine. Nikaongeza Tshiluba, lugha ya watu wa Kasai.

Ilikuwa zawadi ya Mama. Mama ni wa asili ya Kasai, mkoa wa mbali, lakini Kasai hajawahi kuiona hata kwenye kalenda. Alizaliwa hapahapa Kolwezi, akabatizwa hapa, akaolewa hapa na Baba, ambaye ni wa kaskazini mwa Katanga. Tshiluba alikisema akiomba Mungu na akinitukana, basi. Nilimfuata jikoni na daftari langu, yeye anatwanga sombe, majani ya muhogo, mi nauliza, "Mama, 'hifadhi' munasema namna gani? 'Futa' je?" Alijibu huku anacheka, mengine alikuwa hana hakika, akampigia mama yake simu. Siku alipofungua kompyuta na kuona "Moyo, mamu", ambayo ndiyo salamu ya kwao, alifuta macho na kona ya blauzi nyeupe ya kazi na kusema ni moshi wa asidi. Wenzake watano wa asili hiyohiyo nao wakachagua Tshiluba. Mkuu wa labo aliita mkutano, akaonyesha ukurasa ule kwenye ukuta kwa projekta, jina, kazi, lugha, na wote wakapiga makofi. Mkubwa wa walinzi naye alipiga makofi.

Sasa huyu mkubwa wa walinzi. Alikuwa mtoto wa hapahapa, mnene, na rungu lenye pete za shaba. Jioni alikaa kwenye geti akipapasa wanawake kutafuta vipande vya kobalti, na alivitafuta mahali ambapo hakuna mgodi. Siku moja nilimwona anampapasa Mama. Mama alikuwa ameangalia juu, kwenye nyaya za umeme, kama mtu anayehesabu ndege.

Neno la siri la mkuu wa labo lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi yake. Niliingia, nikatafuta jina la mkubwa wa walinzi, maana naye alitumia mashini kuandikisha mifuko inayoingia, na nikambadilishia lugha. Nikampa Tshiluba. Nilingoja apige kelele ili tucheke.

Nilingoja wiki mbili. Hakuna. Alibonyeza kijani, akabonyeza kijani, akabonyeza picha ya lori, kama kawaida. Ndipo nilipoelewa kwamba hajui kusoma. Lugha yoyote ungempa, kwake ilikuwa ukuta uleule. Mzaha wangu ulikufa bila mtu kuuona, na mi nikausahau bila kuurudisha sawa.

Kisha bei ya kobalti ikaanguka. Depo za Musonoi, zinazonunua mawe ya wachimbaji, zikafunga milango. Wachimbaji wakafukuzwa mashimoni kwa risasi za hewani na nyingine ambazo hazikuwa za hewani. Huko kwenye kiwanda cha Kingamyambo wakapunguza watu. Malori ya kwenda Fungurume yakasimama, na Baba, ambaye ni dereva, akarudi nyumbani na mto wake na thermos yake na kuanza kutufundisha namna ya kufagia. Mji mzima ulikuwa na njaa na mikono mitupu. Hakuna aliyeweza kwenda kuipiga bei. Wakatafuta mtu mwenye uso.

Wakasema ni watu wa Kasai. Walikula kazi zetu, warudi kwao. Ilianzia kwenye bomba la maji, kwa maneno. Halafu mawe kwenye mabati usiku. Halafu mchana.

Mwalimu wetu wa hesabu, mtu wa Kasai, alikuwa amenipa sifuri mara tatu, zote za haki. Vijana waliingia darasani tukiwa kwenye zoezi la nne. Walimvuta kwa tai. Mmoja alikuwa na tofali na alilitumia, mara moja kwenye sikio, mara moja kwenye meno, na sauti ya ile ya pili sitaisimulia. Mwalimu alishika fremu ya mlango. Alitugeukia, damu inamwagika kwenye chaki alizoshika bado, akasema: "Kaeni. Endeleeni." Wakampiga vidole mpaka akaachia. Hakuna aliyeendelea. Mi, mwenye mdomo kuliko wote, nilikuwa chini ya dawati nimekumbatia miguu ya rafiki yangu.

Hao vijana waliweka meza kwenye rond-point, pale barabara inapozunguka, kama ofisi. Siku chache baadaye walichoma nyumba ya mtu wa kwao wenyewe, kwa sababu jirani yake alimsingizia kuwa wa Kasai. Kumbe walikuwa wanagombania ukuta wa kiwanja. Ikawa aibu. Wakatangaza kwamba kuanzia sasa hawatamfukuza mtu kwa maneno ya jirani. Wanataka karatasi yenye muhuri. Unaona watu wetu: hata kuua tunataka dosie, yaani faili, iwe kamili.

Asubuhi moja kijana wa asidi, yule wa mkono ulioungua, alifika kwetu anahema. Mama alikuwa anafua. Baba alikuwa kwenye kiti mlangoni, panga kwenye magoti.

"Mama, mukubwa ya balinzi anaenda kutoa liste ya mashini. Ile ya luga. Aliambia bale ba ku rond-point asema mashini haidanganyake. Anangoja mupaka umeme irudie."

Baba alisimama. "Hakuna mutu atagusa muke yangu. Miye ni mutoto wa hapa."

"Kaa chini, weye," Mama alisema, na akaendelea kukamua shuka. Mikono yake ilikuwa inakamua kitu kilichokwisha kukauka.

Orodha ile ilikuwa kazi yangu. Safu ya tatu niliijaza mi mwenyewe. Nilipita nyuma ya choo, nikaruka ukuta, nikakimbia.

Geti la labo lilikuwa wazi. Mkuu wa labo alikuwa amekwisha kukimbia na familia yake. Mkubwa wa walinzi alikaa kwenye kiti cha mkuu, viatu juu ya meza, rungu juu ya tumbo. Kompyuta ilikuwa nyeusi. Nilikuwa nimekuja kuingia kwa dirisha kama mwizi wa heshima, lakini aliniona kabla sijapata pa kujificha.

"Aa! Mutoto ya mashini! Mungu ni mukubwa. Kuya huku, ikala."

Nikakaa. Tukangoja umeme pamoja, mi na yeye, kama watu wawili kwa daktari.

"Unajua juu ya nini niko hapa?" aliuliza.

"Minajua, tata," nikasema; tata ni baba, heshima ya mtu mzima.

"Mama yako ataenda. Weye utabakia. Batoto ni ba baba." Alilisema kama mtu anayetoa zawadi. "Ule mwalimu yenu, niliona vile bamemupeleka ku gari. Alilia sana."

"Alikuwaka analia hata akisahihisha kazi zetu, tata."

Alicheka mpaka rungu likaanguka. Nilicheka naye.

Karibu saa sita friji ya asidi ilitikisika, taa ikawaka, kompyuta ikaamka. Aliandika namba yake ya kuingia kwa kidole kimoja. Kijani, kijani, picha ya lori. Halafu akakwama. Mahali pa orodha hapakuwa na picha. Alisogeza uso karibu na skrini mpaka pumzi yake ikafanya ukungu juu ya maneno ambayo Mama aliyatafuta akitwanga sombe.

"Weye," alisema bila kuniangalia. "Toa ile liste."

"Nitaingia na jina ya mukubwa wa labo, tata. Yako haina ruhusa."

"Ingia." Kisha alipiga rungu mezani, pembeni kabisa mwa vidole vyangu. Kipanya kilipasuka katikati. "Ukinidanganya, mara ya pili haitakuwa meza."

Nilifungua ukurasa wa wafanyakazi. Jina, kazi, lugha. Alikuwa nyuma yangu, kidevu chake karibu na bega langu, ananuka pombe na jasho. Nikamjaribu kwanza kama kweli hajui kusoma. Nikaweka mshale juu ya jina la mpishi na kusema kwa sauti, "Hapa inaandika: ngoja kidogo." Akaitikia, "Basi tungoje."

Basi nikaanza. Jina la Mama: fungua, chagua, Kiswahili, hifadhi. Kipanya kilichopasuka kilinibana ngozi kila nilipobonyeza. Skrini ikasema: "Iko bien, endelea."

"Inasema nini?"

"Inasema tungoje tena, tata."

Wa pili. Wa tatu. Nilikuwa najibu maswali yake kwa sauti ya mtoto mwema wa katekisimu. Wa sita alipomalizika nilipitisha macho kwenye safu yote kutoka juu hadi chini. Tshiluba kilibaki kwenye mstari mmoja tu. Jina lake yeye.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mshale ulikuwa pale pale. Kubonyeza mara tatu tu, na orodha ingetoka safi, bila mtu. Ninaweza kusema niliogopa karatasi isiyo na mtu hata mmoja ingemrudisha kwetu na hasira. Ni kweli niliogopa. Lakini sikuiacha kwa sababu hiyo. Niliiacha kwa sababu ya Mama akiangalia nyaya za umeme. Kwa sababu ya chaki zenye damu. Na kwa sababu ilinichekesha.

Nikatoa karatasi. Yeye mwenyewe aliupumulia muhuri wa labo na kuugonga chini, mara mbili, kwa nguvu. Alikunja karatasi, akaitia mfukoni na kuondoka anapiga mluzi.

Nilimfuata kwa mbali. Kwenye rond-point kijana mmoja mwenye miwani, mwanafunzi wa mtaa mwingine, alipanda juu ya meza na kusoma. Jina, kazi, Kiswahili. Jina, kazi, Kifaransa. Watu walianza kuchoka. Halafu akasoma jina la mkubwa wa walinzi na neno Tshiluba, akasita, akasoma tena.

"Ni nani huyu?"

"Ni miye," mkubwa wa walinzi alisema, akiinua mkono kwa fahari, akidhani anashukuriwa.

Wale wa mtaa mwingine walianza kumpiga. Lakini nusu ya watu waliompiga walimjua vizuri, walijua alizaliwa nyumba ya ngapi. Walikuwa wachimbaji aliowavunja mbavu kwenye geti. Walimjua, na ndiyo maana walipiga. Rungu lake lilimgeukia. Nilisikia taya likiachana, sauti kama ukuni mkavu. Alikuwa anapiga kelele, "Mi ni wa hapa! Mi ni wa hapa!" mpaka maneno yakapoteza umbo na kuwa kelele tu. Mtu alikuwa amekwenda kutafuta tairi la kumchomea.

Nilirudi nyumbani nakimbia na nacheka. Sijui kama kile kilikuwa kicheko, lakini kilitoka mdomoni mwangu. Nilimwambia Mama kila kitu pale kwenye beseni lake. Nilingoja anikumbatie.

Alinipiga kofi. Katika siku zile zote, mawe yote, tofali lile, pigo pekee lililonifikia mwilini lilikuwa la Mama.

"Ni mutu, weye! Ni mutu!"

Alivaa blauzi yake nyeupe ya labo. Baba alisimama mlangoni, akatandaza mikono. Mama alimwambia kwa sauti ya chini, "Ukinishika, nitakuita mumoja wao." Mikono ya Baba ikashuka. Tukamfuata, yeye na panga lake lisilo na kazi, mi na shavu langu.

Mama alipita katikati ya watu kama anapita sokoni. Mkubwa wa walinzi alikuwa kwenye lami, na tairi lilikuwa limefika. Mama akasimama juu yake, miguu miwili upande huu na huu.

"Mumuachilie. Mashini ilichanganya mustari yake na yangu. Mi ndiye mwenye ile luga."

Yule wa miwani aliangalia karatasi. "Mama, hapa umeandikwa Kiswahili."

"Ninakuambia ilichanganya. Mistari mbili. Yake na yangu tu." Alilisema hilo 'tu' akiwaangalia wote, na ndipo nilipoelewa anawaficha wale watano.

"Sema kitu ya kwenu, tusikie."

Mama alisema. Aliwatukana kwa Tshiluba, polepole, bila kuruka mtu, na aliendelea kwa muda mrefu. Jiwe lilitoka nyuma, likampasua juu ya jicho. Hakunyamaza mpaka alipomaliza. Damu iliingia kwenye blauzi nyeupe, na watu, sijui kwa nini, wakarudi nyuma hatua moja. Kisha yule wa miwani akafuta mstari mmoja kwa kalamu, akaandika juu ya mwingine, akatafuta mahali pa kusaini.

Walimpa Mama muda mpaka lori la saa kumi, lile la kupeleka watu Kasai. Baba alifunga godoro, akalifungua, akalifunga tena. Alitaka kupanda naye. Walimshusha kwa mateke, mara mbili, wakimwambia yeye ni wa hapa. Mama alikuwa juu, kitambaa kimefungwa jichoni, anagombana na mtu juu ya nafasi ya sufuria ya mama mwingine. Lori liliondoka bila kumaliza ugomvi huo. Wale watano walitoka Kolwezi wenyewe wiki ile, kwa njia zao, na meno yao yote.

Sasa Mama yuko Mwene-Ditu, huko Kasai. Anapiga simu Jumapili. "Huku bananiita Mukatanga," anasema. "Nikifungua kinywa, batoto bananicheka."

"Unarudia siku gani?"

Anauliza kama Baba anakula. Mara ya mwisho aliuliza, "Ule mutu alipona?"

"Taya yake haifungi muzuri."

"Ulienda kumuona?"

"Bado."

"Enda."

Nilikwenda baada ya masomo, na sare yangu. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, mkewe anamnywesha uji kwa kijiko na kufuta unaomwagika. Nilikuwa nimetengeneza mzaha njia nzima, na ulikuwa mzuri. Alinyanyua macho, akaniona. Mkewe aliniuliza, "Unatafuta nani, mwanangu?"

Nikasema, "Mama anakusalimia, tata."

Aliniangalia mpaka uji ukapoa kwenye kijiko. Kisha akageuka akamwangalia mkewe, na mkewe akasogea kidogo kwenye benchi ili nikae.